Skrini ya 4K ya inchi 27 kwenye meza ya nyumbani, Dodoma: tathmini baada ya miezi 14

Kazi yangu ni kutafsiri na kuhariri nyaraka, na ninaifanyia nyumbani, Ilazo, katika chumba kilichokuwa cha wageni kabla sijakigeuza kuwa ofisi. Tangu mwaka 2021, sheria ilipobadilishwa na Kiswahili kikawa lugha ya sheria na ya mahakama, meza yangu haijawahi kuwa tupu, na siku nyingi ninafungua nyaraka mbili kwa pamoja, ya Kiingereza kushoto na ya Kiswahili kulia, kuanzia saa mbili asubuhi hadi jua linapozama. Kwa miaka mitatu nilitumia skrini ya Full HD ya inchi 24 niliyoinunua ikiwa imeshatumika. Skrini ile haikuwa mbovu. Hata hivyo kila ilipofika alasiri herufi zilianza kunichezacheza machoni, na kosa lililonisukuma kutafuta nyingine lilikuwa dogo: katika waraka mmoja wa ufugaji, neno "ng'ombe" lilikuwa limechapwa bila ritifaa mahali saba, nami niliusoma waraka huo mara mbili bila kuliona. Mteja ndiye aliyeliona, tena kwenye karatasi.

Siku hiyo nilipiga picha ya skrini kwa simu nikaikuza. Ritifaa, hata pale ilipokuwapo, ilikuwa nukta nne za kijivu zilizosimama moja juu ya nyingine, zikigusana na kichwa cha "g". Hapo ndipo nilipoelewa kwamba nilikuwa nikisoma kwa kukisia, na kwamba uchovu wangu wa alasiri ulikuwa uchovu wa kukisia herufi maelfu kwa siku. Kwa hiyo tathmini hii imeandikwa na mtu ambaye kazi yake ni maandishi. Anayehariri video au anayecheza michezo ya kompyuta ana mahitaji mengine ambayo sitayagusa.

Jambo la kwanza ambalo mnunuzi anapaswa kulitazama ni nukta ngapi zimo ndani ya kila inchi ya kioo, kwa kuwa ukubwa wa kioo peke yake, ambao inchi zake hupimwa kutoka kona hadi kona, humdanganya. Skrini ya Full HD ina nukta 1920 kwa 1080, yaani 2,073,600, wakati ya 4K ina 3840 kwa 2160, yaani 8,294,400, ambazo ni mara nne kamili. Full HD ikiwa kwenye inchi 24 inatoa nukta 92 kwa inchi. Ukiihamishia kwenye inchi 27, ambayo wauzaji wengi huisifu kwa ukubwa, nukta hushuka hadi 82, na maana yake ni kwamba umelipa zaidi ili usome vibaya zaidi. Skrini ya QHD, yenye nukta 2560 kwa 1440, inatoa 109 kwenye inchi 27. Ya 4K inatoa 163 kwenye inchi 27 na 138 kwenye inchi 32.

Tarakimu hizi zinapata maana ukizilinganisha na jicho. Mtu mwenye macho mazima, akikaa sentimita 60 kutoka kwenye kioo, huweza kutenganisha vitu vilivyoachana kwa takriban milimita 0.17. Nukta ya skrini ya inchi 27 ya Full HD ina upana wa milimita 0.31, ya QHD 0.23, na ya 4K 0.16. Kwa hiyo katika zote tatu ni 4K peke yake ambayo nukta zake zinajificha chini ya uwezo wa jicho kwa umbali huo, na herufi huonekana kana kwamba imechapwa kwa wino. QHD si mbaya hata kidogo, na kwa mtu ambaye bajeti yake imebana ningemshauri aichukue bila kusita kuliko kununua Full HD pana. Lakini kwa anayesoma kutwa nzima, tofauti kati ya 0.23 na 0.16 inaonekana kuanzia saa ya kwanza.

Niliyoinunua ni Dell S2721QS, mfano uliotoka mwaka 2020: inchi 27, 4K, paneli (kioo chenyewe kinachotoa picha) ya aina ya IPS, mwangaza wa niti 350 (niti ni kipimo cha mwanga wa skrini), hezi 60 (picha hufanywa upya mara 60 kwa sekunde), matundu mawili ya kupokelea picha ya HDMI na moja la DisplayPort, pamoja na stendi inayopanda, kushuka, na kuzungushwa mpaka kioo kikasimama wima. Haina tundu la USB-C, na hilo ndilo jambo kubwa linaloitofautisha na dada yake wa bei ya juu, Dell U2723QE ya mwaka 2022, ambayo kwa waya mmoja tu wa USB-C hupokea picha na wakati huohuo kuichaji laptopu kwa wati hadi 90, ina tundu la waya wa mtandao, na weusi wake ni mzito zaidi. Ningekuwa na laptopu mpya yenye USB-C inayotoa picha, ningekusanya fedha kwa muda mrefu zaidi nikachukua hiyo ya pili. Laptopu yangu ni ya zamani, ikawa haina maana kulipia tundu nisiloweza kulitumia.

Dukani huko Kariakoo, Dar es Salaam, niliuliza swali ambalo nilidhani linatosha: "Kaka, laptopu yangu itaweza kutoa 4K?" Muuzaji aliiangalia laptopu, akaangalia tundu la HDMI, akajibu, "Itatoa, dada, bila shida." Hakusema uongo, ila alisema nusu ya kweli. Nililileta boksi Dodoma kwa treni ya SGR, likiwa limesimama wima mbele ya magoti yangu safari nzima, kwa sababu kioo cha skrini hakipendi kulazwa na kutikiswa. Nyumbani nilichomeka, picha ikaja, herufi zikawa kali kama nilivyotarajia. Kisha nikasogeza kipanya. Mshale ulikuja nyuma ya mkono wangu kwa kuruka-ruka, na nilipovuta ukurasa chini, mistari iliachia vivuli.

Ilinichukua siku mbili kupata sababu. HDMI ya toleo la 1.4, ambayo ndiyo iliyomo katika laptopu nyingi za kazini za miaka ya 2013 hadi 2017 zinazouzwa huku zikiwa zimetumika, inaweza kupitisha picha ya 4K, lakini kwa hezi 30 tu, yaani picha hufanywa upya mara 30 kwa sekunde badala ya 60. Kwa kutazama filamu hutaona tatizo kubwa. Kwa kuandika, kuhariri na kusogeza kurasa siku nzima, hezi 30 zinachosha kuliko zile herufi hafifu nilizokuwa nazikimbia. Toleo la 2.0 la HDMI, lililotangazwa mwaka 2013 lakini likachelewa kufika kwenye laptopu za kawaida, ndilo linalopitisha 4K kwa hezi 60. Nilipompigia simu muuzaji aliniambia kwamba bidhaa ikishafunguliwa hairudi, na kwamba tatizo liko kwenye laptopu yangu.

Suluhisho lilikuwa ubavuni mwa laptopu hiyohiyo, kwenye tundu dogo ambalo sikuwahi kulitumia: Mini DisplayPort. DisplayPort ya toleo la 1.2 hupitisha 4K kwa hezi 60, na laptopu nyingi za kazini za kizazi hicho zinayo, ama kwa umbo dogo ama kwa umbo kamili, hata kama HDMI yake ni ya zamani. Niliagiza kebo ya Mini DisplayPort kwenda DisplayPort, na dakika ilipoingia mshale ukatulia. Kwa hiyo swali la kumuuliza muuzaji, au bora zaidi la kuijaribu mashine yako mbele yake, ni hili: itatoa 4K kwa hezi 60, kupitia tundu lipi, na kwa kebo ipi? Kwenye Windows jibu liko ndani ya mipangilio ya onyesho, sehemu inayotaja kasi ya kufanya picha upya. Ukiona 30, usilipe kwanza. Kama laptopu yako ina USB-C, fahamu pia kwamba si kila USB-C inatoa picha. Nyingine ni za data na chaji tu ingawa tundu ni lilelile kwa umbo.

Jambo la pili linalowashangaza watu wakati wa kuwasha kwa mara ya kwanza ni udogo wa maandishi. Kwenye inchi 27 za 4K, ukiacha ukubwa wa asilimia 100, kila kitu kinakuwa kama chapa ya chini kabisa kwenye pakiti ya dawa. Watu wengi hapa hushusha skrini hadi 1920 kwa 1080 ili waone, na kwa kufanya hivyo wanatupa nukta tatu katika kila nne walizozilipia. Njia sahihi ni kuacha skrini kwenye 3840 kwa 2160 na kupandisha kipimo cha ukubwa hadi asilimia 150. Nafasi ya kazi inakuwa sawa na ya skrini ya QHD, kurasa mbili za A4 zinakaa bega kwa bega, ila kila herufi inachorwa kwa nukta mara mbili na robo zaidi. Programu chache za zamani hazielewi kipimo hicho na maandishi yake huonekana yana ukungu. Kwangu ni moja tu, kamusi ya miaka mingi ambayo sijapata mbadala wake.

Kuhusu televisheni, ambazo wengi huniuliza kwa sababu bei yake inavutia: televisheni ya kawaida ya inchi 32 isiyo ya bei kubwa mara nyingi ina nukta 1366 kwa 768, ambazo ni 49 tu kwa inchi, na haifai kusomea karibu kabisa. Ile ya 4K ya inchi 43 ina 102 kwa inchi, hesabu inayoonekana ya kuridhisha, lakini televisheni nyingi hupunguza taarifa za rangi ili kurahisisha picha, na matokeo yake maandishi mekundu au ya bluu, kama yale ya marekebisho ya mhariri ubavuni mwa ukurasa, huwa na kingo zilizochanika. Zingine zina mpangilio maalumu wa kompyuta unaoondoa tatizo hilo. Nyingine hazina. Na jihadharini na maandishi ya boksi yanayosema kifaa "kinapokea 4K": kupokea si kuonyesha, kwa kuwa paneli yenyewe inaweza kuwa ya Full HD. Kinachotakiwa ni idadi halisi ya nukta za paneli.

Sasa nije kwenye yale yanayoihusu Dodoma hasa. Mwanga wetu ni mkali. Kwa miezi mingi hakuna wingu la kupunguza jua, kuta nyingi ni nyeupe, na ardhi yenyewe inarudisha mwanga ndani ya nyumba. Dirisha langu linatazama mashariki, na mwanzoni niliiweka skrini ikilipa mgongo dirisha hilo, nikawa natazama kioo na jua kwa pamoja. Nilipoigeuza meza dirisha likabaki ubavuni kwangu, niti 350 zilitosha hata saa nne asubuhi, na jioni ninazishusha hadi karibu robo. Uso usiong'aa ni wa lazima. Nimeona skrini zenye uso wa kioo king'avu, nzuri mno dukani chini ya taa za dari, ambazo katika chumba kama changu zingenionyesha sura yangu na pazia lililo nyuma yangu kutwa.

Vumbi ni jambo zito kuliko mwanga. Upepo wa Juni hadi Agosti unapovuma, meza iliyofutwa asubuhi inaandikika kwa kidole ifikapo mchana, na vumbi letu lina mchanga ndani yake. Ukilifuta likiwa kavu kwa kubonyeza, unausugua mchanga huo kwenye utando laini wa kioo, na mikwaruzo yake haitoki. Ninazima skrini, ninapuliza vumbi kwa kipulizio kidogo cha mpira, kisha ninapitisha kitambaa cha maikrofaiba kilicholowanishwa kidogo kwa maji yaliyochujwa na kuchemshwa, bila kubonyeza, kutoka juu kwenda chini. Spiriti na dawa za kusafishia vioo vya madirisha zisiguse kioo hicho. Usiku ninakifunika kwa kanga. Baada ya miezi 14 uso wa skrini bado haujapata mkwaruzo.

Upande wa umeme, skrini ya aina hii hula wati 25 hadi 40 kutegemea mwangaza. Kwa wastani wa wati 30 na saa nane za kazi, hiyo ni robo ya uniti kwa siku, kwa hiyo kwenye LUKU, umeme wetu wa kulipia kabla, haionekani. Tatizo ni kukatika. Laptopu ina betri, skrini haina, na mara ya kwanza umeme ulipokatika nikiwa katikati ya aya nilibaki na kioo cheusi huku waraka ukiwa wazi upande nisiouona. Niliweka UPS, kifaa chenye betri kinachoshika umeme unapokatika, ndogo ya VA 650 inayobeba skrini na ruta peke yake, na inanipa muda wa kutosha kumaliza sentensi, kuhifadhi, na kuhamia kwenye kioo cha laptopu. Kwa kuwa umeme unaporudi ndipo volti hupanda ghafla, UPS hiyo inailinda pia skrini. Asiyeweza kununua UPS achomoe plagi mpaka umeme utulie.

Meza pia inahitaji neno, kwa kuwa nilikosea hapo. Kioo cha inchi 27 kina upana wa karibu sentimita 60, na stendi yake hukisogeza mbele. Meza yangu ya mninga ilikuwa na kina cha sentimita 50, iliyopimwa kwa ajili ya laptopu, na skrini ilipokaa juu yake macho yangu yalikuwa sentimita 40 tu kutoka kwenye kioo, hata shingo ikaanza kuuma kwa kugeuka kutoka waraka mmoja hadi mwingine. Nilimwita fundi seremala nikamwomba aongeze ubao mbele. Aliipima, akatikisa kichwa. "Mama, mbele ndipo unapoegemea viwiko, kiungo kitaachia. Nikuongezee nyuma, meza tuisogeze kutoka ukutani." Alikuwa sahihi. Sasa kina ni sentimita 75, macho yangu yako sentimita 65 kutoka kwenye kioo, na ukingo wa juu wa skrini uko usawa wa macho. Asiye na nafasi hiyo anaweza kufunga mkono wa chuma ukutani. Nyuma ya skrini kuna matundu manne ya skrubu ya kipimo cha VESA, milimita 100 kwa 100, yanayokubali mikono mingi iliyopo sokoni.

Paneli zilizopinda za VA, aina nyingine ya paneli isiyo IPS, na maneno ya HDR kwenye boksi, yaani picha yenye tofauti kubwa zaidi kati ya mwanga na giza, hayakunishughulisha. Kwa niti 350, HDR ni alama tu.

Kabla ya kulipa, omba skrini iwashwe na ijazwe rangi moja moja: nyeupe, nyeusi, nyekundu, kijani na bluu. Nukta iliyokufa au iliyoganda itaonekana hapo, na ukiiona nyumbani umechelewa. Omba pia risiti ya mashine ya EFD, ile ya kodi, yenye namba ya bidhaa iliyoandikwa, kwa kuwa dhamana isiyo na risiti haina nguvu. Nilichokipenda kwa Dell katika daraja lao la UltraSharp, lile la U2723QE, ni ahadi yao ya kubadilisha skrini hata kwa nukta moja tu iliyoganda ikiwa inawaka. Kwa skrini yangu sikutaka kutegemea ahadi, nikaikagua dukani kwa robo saa nzima.

Anayebaki na Full HD kwa sasa asikate tamaa. Windows ina kifaa kiitwacho ClearType kinachorekebisha kingo za herufi kulingana na macho yako, na dakika tano za kukipanga zilinisaidia miaka ile mitatu kuliko miwani niliyouziwa. Na skrini yoyote iwayo, macho yapumzishwe: kila dakika 20 ninatazama mwarobaini wa jirani, ulio mbali kupita mita sita, kwa sekunde 20, na ninakumbuka kupepesa, kwa sababu hewa yetu ya kiangazi hukausha macho haraka.

Nimeshahariri waraka mwingine wa mifugo tangu wakati huo. Ritifaa sasa zinasimama peke yake, nyeusi, zikiwa na nafasi kati yake na herufi, na ile iliyokosekana inaacha pengo linaloniita nikiwa bado mstari wa juu yake.

Juma lililopita dada mmoja wa Nzuguni, anayefanya mahesabu ya maduka kutoka nyumbani kwake, alikuja na laptopu yake kabla hajanunua chochote. Tuliichomeka kwenye skrini yangu kwa HDMI, ikasoma hezi 30. Tukachukua kebo ya USB-C kwenda DisplayPort niliyoazima kwa jirani, tukaichomeka tena. Ikasoma 60. Aliandika jina la kebo ile kwenye karatasi, akaipiga picha, na Jumatatu anapanda treni kwenda Dar es Salaam.